Mimi, Nta Yangu na Ndege ya Injinia Nyamizi

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Nimeanza daftari. Injinia Nyamizi anaandika lake kila siku, tarehe juu, kazi chini. Kasema kazi isiyoandikwa ni kama haikufanyika. Basi na mimi naandika. Shule niliishia la nne, lakini mkono bado upo. Polepole.

Mimi ni Festo Mihayo wa Itetemia. Miaka sabini na mmoja. Nina mizinga mia mbili na kumi msituni, yote nimetundika kwa mikono hii. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, akarudi kwa miguu, akaoa. Sisi si watu wa kuchezewa.

Sasa kazi. Kuna ndege ndani ya ghala la zamani la tumbaku, njia ya kwetu. Kweli kabisa! Ndogo, nyeupe, ya watu wawili. Imekuja na lori kupitia Igunga, mabawa yamefungwa kando kama kuku anayepelekwa mnadani. Injinia Nyamizi ni binti wa hapahapa Tabora, ameiunda na wenzake, itapeleka dawa na damu vijijini. Lakini haijawahi kuruka. Kabla ya kuruka lazima itikiswe ikiwa chini, wajue bawa linacheza vipi na mkia unacheza vipi. Wasipojua, siku moja upepo wa huko juu utaikuta na mtikisiko inaoupenda, nayo itajitikisa mpaka ivunjike. Ndivyo alivyonieleza. Nilielewa mara ya kwanza. Godbless, fundi wake wa kompyuta, anasema ilikuwa mara ya tatu. Mwongo.

Ndege inatakiwa ining'inie kwa kamba za mpira, idhani iko angani. Wakatafuta mtu wa kupanda kwenye boriti. Wengine walitazama juu wakakumbuka wana shughuli mjini. Nikapanda mimi. Saa nne ndege inaelea! Nikawaambia huu ni mzinga tu, umeota mabawa.

Halafu vihisi. Vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na waya wake mrefu kama mkia. Vinabandikwa kwenye ngozi ya ndege, vinasikia inavyotikisika, vinaiambia kompyuta. Viko arobaini na nane. Mimi nimeviita kupe. Injinia alicheka sana. Kufika mchana hata Godbless anasema nipe kupe namba tano. Jina limekamata.

Lakini nta! Wamekuja na nta ya kubandikia kutoka Ulaya, imo kwenye kikopo, imeandikwa maandishi mengi. Saa nane bati la paa likawaka. Nta ikawa uji. Kupe wakaanza kudondoka. Tap. Tap. Kumi na mmoja chini. Godbless akataka gundi kali ya dukani. Injinia akakataa, itaondoka na rangi ya ndege.

Hapo ndipo nilipojua mambo si mchezo. Jumamosi anakuja mkaguzi kutoka Dar, Mama Suzana. Akiona vipimo safi, ndege inapewa ruhusa ya kuruka. Akiona vipimo vya kubabaisha, ndege inafunguliwa, inarudi kwenye lori, na waliotoa fedha wamesema hawangoji tena. Miaka minne ya Injinia iko ndani ya hiyo ndege. Alinieleza hayo akiokota kupe sakafuni.

Nikasema: nta? Mnaagiza nta Ulaya na mko Tabora? Niachieni mimi!

Akasema, Babu, ukileta nta inayoshika, jina lako nitaliandika kwenye ripoti. Nikauliza ripoti inakaa wapi. Kabatini, Dar, maisha yote ya ndege.

Jina langu. Kabatini. Dar!

Nimemweleza mke wangu. Mama Benigna akauliza kama hiyo ripoti inajua kuteka maji. Hana habari na teknolojia.

Jumanne, 22 Oktoba

Usaliti. Nafika na nta yangu, dawa yenyewe, ndani ya kata ya kibuyu, namkuta Aleksi amekaa kwenye kreti, anakunywa chai. Chai ya Injinia! Godbless ndiye aliyemwita.

Huyu Aleksi ni mfuga nyuki wa Ulyankulu. Kanisani hukaa benchi la mbele na kuimba kwa sauti. Nta yake iko kwenye vipande sawasawa, ya njano, imechujwa mara tatu, ina muhuri wa kikundi chao wenye picha ya nyuki. Picha! Nyuki gani anahitaji kupigwa picha?

Injinia akasema hapendelei mtu, tutashindana. Akachukua bati moja, akabandika kupe wanne wabovu kwa nta ya Aleksi na wanne kwa nta yangu. Bati likawekwa juani mpaka saa nane.

Nta yangu naiandika hapa kwa sababu daftari hili ni la siri. Nta nyeusi ya mizinga ya magome. Gundi ya nyuki, nyingi. Mchaichai uliopondwa. Inapikwa moto mdogo. Ni dawa ileile tunayopaka ndani ya mzinga mpya ili nyuki wanaohama wasikie harufu waingie. Baba alinifundisha. Inashika kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili.

Saa nane. Kupe wa Aleksi: watatu chini, mmoja ananing'inia kwa aibu. Wa kwangu: wanne juu! Injinia akamvuta mmoja kwa kucha, ukucha ukakatika.

Aleksi akaokota donge la dawa yangu. Akanusa. Akanusa tena. Akasema, Mzee Festo, hii si ya kubandikia, hii ni ya kuitia nyuki. Mbele ya watu! Nikamwambia ajifunze kushindwa kama mwanamume. Ndege si mzinga.

Godbless akauliza mchanganyiko wake, anataka kuujaza kwenye karatasi. Nikamwambia ni siri ya ukoo. Akasema hakuna nafasi ya siri. Nikamwambia atengeneze nafasi. Akaandika "siri". Nimeona kwa macho yangu.

Doa moja tu. Injinia amembakiza Aleksi apange nyaya, eti mikono yake haitetemeki. Ya kwangu pia haitetemeki. Inajiandaa tu.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo nimebandika kupe arobaini na nane kwenye ndege. Andika tena: arobaini na nane. Tangu zamani za misafara hakuna Mnyamwezi aliyefanya kazi hii. Nimeuliza.

Injinia aliagiza nta iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nta nene inalala katikati, kupe hasikii vizuri. Sawa. Nikapaka ngozi ya kitunguu. Ukutani kuna ramani ya ndege, kila kupe na namba yake na mshale wake. Nilifuata. Saa sita nimemaliza.

Nikarudi nyuma kutazama kazi. Aibu! Mishale imeelekea kila upande. Mmoja juu, mmoja mbele, mmoja kando, kama watu wanaotoka kilabuni. Mkaguzi aje aone hivi? Walipokwenda kunywa chai nikainyoosha. Yote juu. Ikapendeza! Gwaride.

Godbless akarudi, akagonga mkia kwa ile nyundo yao yenye kichwa cha mpira. Kompyuta ikasema mkia hauchezi kushoto wala kulia hata kidogo, mgumu kama kanisa. Akazima, akawasha. Akaangalia nyaya. Akamwangalia Aleksi. Nikafurahi. Saa mbili zikapita wakitafuta.

Halafu Injinia akaona mishale.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alinishika mkono akanipitisha kupe kwa kupe kama anayemtembeza mgonjwa. Huyu, Babu, anasikia juu na chini. Huyu anasikia kushoto na kulia. Kila mmoja ana sikio moja tu. Ukiwageuza wote juu, nani atasikia ya pembeni? Nikasema nimeelewa. Nimeelewa kweli. Lakini walikuwa wamepangika.

Nikabandika upya kumi na tisa. Muda wote huo Aleksi alikuwa anafunga nyaya kwa vitambaa zisipigepige ngozi ya ndege. Injinia akamwambia, kazi safi, Baba Aleksi. Mimi nikapewa ufagio. Nilifagia kwa heshima zote.

Hata hivyo! Joto nyuzi thelathini na saba, na hakuna kupe aliyedondoka. Hakuna!

Nimewaza jambo. Ngozi ya kitunguu haionekani. Mkaguzi atakuja, atatazama, ataona kupe na nyaya za Aleksi. Nta yangu hataiona. Sasa pale ncha ya bawa la kushoto, karibu na mlango, kuna tundu limefunguliwa kifuniko ili nyaya zipite. Hapo ndipo mtu akiingia anasimama. Saa kumi na moja wenzangu wakikusanya vyombo, nikapaka mdomo wa lile tundu, nje na ndani. Si ngozi ya kitunguu. Nene kama ugali wa harusi. Harufu nzuri mpaka mlangoni. Hakuna kupe hapo, kwa hiyo sijavunja agizo.

Akili ni mali ya mwenyewe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku kubwa. Wamewasha mashine ya kutikisa. Ina kijiti chembamba kinachosukuma bawa, taratibu, halafu haraka, halafu haraka zaidi. Kompyuta inachora milima. Mlima wa kwanza ndio mwendo ambao bawa linaupenda kuliko yote. Injinia alikuwa amepiga hesabu tangu Dar kwamba utasimama kwenye tisa nukta nne, yaani bawa lipande na kushuka mara tisa na ushee kwa sekunde. Tukangoja. Godbless aliacha kutafuna.

Tisa nukta nne! Kushoto na kulia! Injinia akaruka kama mtoto. Nikaruka na mimi. Kwa nta ya nani? Nimeuliza mara mbili, wote walikuwa wanashangilia, hawakusikia.

Baadaye nikaweka mkono juu ya bawa, kidogo tu, nisikie raha yake. Godbless akapiga kelele, nani kagusa ndege! Alikuwa upande wa pili, amenipa mgongo. Kompyuta ndiyo imemwambia. Kumbe mkono wangu umeandikwa mle ndani, kilima kidogo pembeni. Nikamwomba asikifute. Akakifuta. Husuda.

Mchana nikaona nyuki wanne kwenye tundu la bawa. Baadaye ishirini. Wanaingia, wanatembea, wanatoka, wanaondoka moja kwa moja kuelekea msituni. Nawajua nyuki wa namna hiyo. Ni wale wanaotangulia kutafuta nyumba. Wakipenda wanakwenda kuita wenzao.

Nimesema wanapita tu. Wananifahamu, wamekuja kunisalimia.

Aleksi aliwatazama. Akanitazama. Akawatazama tena. Akaendelea na nyaya zake. Sijawahi kuona mtu anafunga waya kwa dharau namna ile.

Tumefunga saa kumi. Mlango wa ghala umepungua ubao mmoja juu. Nimeona, lakini ulinzi si kazi yangu.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mkono unauma, macho yamevimba, lakini lazima niandike.

Asubuhi wamerudia kipimo ili kesho kusiwe na wasiwasi. Bawa la kulia: tisa nukta nne. La kushoto: nane nukta tisa.

Godbless akabadilisha kupe. Nane nukta tisa. Akabadilisha waya. Akakaza kamba za mpira. Akawasha kompyuta upya mara tatu, mara ya tatu akiiombea. Nane nukta tisa. Injinia akatembea na tochi bawa zima, taratibu, kama anayetafuta hereni. Halafu akasema lile neno kwa sauti ndogo. Ufa. Mhimili wa ndani ukiwa na ufa, bawa linalegea na mlima unateremka. Na ndege yenye ufa ndani ya bawa haina safari tena.

Akakaa kwenye kreti. Akasema saa nane atampigia mkaguzi asije.

Mimi nikasogea, nikaweka sikio kwenye ncha ya bawa. Nimesikiliza mizinga miaka hamsini na tano.

Mmmmmmm.

Walikuwa humo. Wote. Kundi zima, na wana furaha! Wamehamia jana baada ya sisi kufunga. Sauti safi, ya nyuki waliopata nyumba nzuri. Kwa dakika moja nilijisikia fahari sana. Halafu nikamwangalia Injinia.

Mpango! Niwatoe kimyakimya, bawa lirudi jepesi, kila mtu aseme kompyuta ilikosea. Mama Benigna alikuwa ameleta ugali na nsansa, ile mboga yetu ya majani makavu, kwa karanga. Nikawaambia wote watoke wakale nje, chakula kinapoa, mwenye njaa hapimi ndege. Wakatoka. Nikachukua kile kikopo cha nta ya Ulaya, nikatia magome makavu na mavi ya ng'ombe, nikawasha, nikapuliza moshi kwenye tundu.

Kosa dogo. Ukipuliza moshi mlangoni, nyuki wa ndani wanazidi kuingia ndani. Nilijua. Nilisahau kwa haraka. Na wale wa mlangoni walitoka. Wakatoka kwa hasira. Mimi walinipa miiba minne usoni, kisha wakaona watu wanakula.

Godbless alipita mbio na tonge mkononi. Hakuliachia. Hapo nilimheshimu. Mama Benigna alijifunika khanga akaketi palepale akiniita jina langu la ubatizo, ambalo halitumii isipokuwa nimeharibu.

Aleksi hakukimbia. Alikuja taratibu, akanivuta shati mpaka nyuma ya mlango. Akasema, mzee mwenzangu, yule binti ameshika simu. Sema mwenyewe, au niseme mimi. Lakini ni vizuri useme mwenyewe.

Nikafikiri. Nikisema, jina langu linafutwa, anaandikwa Aleksi. Nikinyamaza, ndege inarudi kwenye lori. Hakuna ndege, hakuna ripoti. Hakuna ripoti, hakuna kabati. Na yule binti alikuwa amefumba macho, simu iko kifuani, midomo inajipanga kusema.

Nikaenda. Nikamwambia, Injinia, ndege haina ufa. Ina wageni.

Nikasema yote. Dawa, mchaichai, tundu, ugali wa harusi. Akaweka simu chini. Mabega yakaanza kutikisika, sikujua kama analia au anacheka, nadhani na yeye hakujua. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza tutawatoaje. Aliuliza, Babu, wana uzito gani?

Uzito! Huyo ndiye injinia.

Aleksi akaleta mzinga mtupu na mizani yake ya kuning'iniza. Akaupima kwanza. Akauweka karibu na tundu, akafungua kifuniko kingine kilicho chini ya bawa, akachota nyuki kwa kata kama anayechota unga mpaka akampata malkia. Wengine wakamfuata wenyewe. Hakuumwa na hata mmoja. Nadhani hawakumjali.

Kabla hajapima nikainua mzinga kwa mkono mmoja. Damu ya wapagazi haihitaji mizani. Nikatangaza: nyuki kilo tatu. Mizani ikasema kilo moja na gramu mia nane. Nikasema mizani imechakaa. Aleksi akasema ameinunua mwezi uliopita. Basi imechakaa mapema.

Wakatikisa bawa. Tisa nukta nne! Godbless akapiga ukelele, sikio lake limekuwa kama chapati.

Nikadhani yamekwisha. Injinia akatikisa kichwa. Mkaguzi atasema ufa unafunguka na kujifunga. Nyuki si ushahidi. Akasema kesho hatafichwa kitu.

Hatafichwa kitu! Nimejaribu kumshauri. Kidogo tu kingefichika.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mkaguzi Mama Suzana amekuja saa tatu kamili. Mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, hacheki. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti nene ili ajue anaongea na nani. Akauliza kwa nini mafundi wote wamevimba.

Injinia akamwambia kila kitu. Kila kitu! Alitaja dawa, alitaja tundu, alitaja moshi. Mimi nilikuwa natazama paa. Mama Suzana akasikiliza hadithi nzima bila kutikisa ukope, akauliza swali moja: utanithibitishiaje kuwa ni nyuki?

Injinia alikuwa tayari. Mfuko wa mchanga, kilo moja na gramu mia nane, umeshonwa na Mama Benigna kwa kitambaa cha zamani cha Benigna wetu. Akamkabidhi mkaguzi, akamwonyesha palipokuwa na nyuki. Mkaguzi akauingiza mwenyewe. Mashine ikatikisa.

Nane nukta tisa.

Akautoa. Tisa nukta nne. Akaurudisha. Nane nukta tisa. Akautoa tena. Tisa nukta nne. Mara ya nne aliachia kitu kilichokaribia kuwa tabasamu. Akasema vyombo hivi vimesikia kundi la nyuki ndani ya bawa, basi ufa vingeusikia. Akaandika.

Halafu akamshika kupe namba thelathini na moja akamvuta. Hakutoka. Akamvuta kwa vidole viwili. Wapi! Akauliza nani kabandika. Nilikuwa nimeshafika mbele yake kabla hajafunga mdomo. Akauliza wamekaa siku ngapi. Siku tatu, chini ya bati, hajadondoka hata mmoja. Akasema kwingine amezoea kuwaona wakiokotwa kila jioni. Akaandika tena! Sikuona nini, ameandika kwa mkono wa kushoto na kufunika.

Nikaona nafasi. Nikamdokeza kwamba kwa wale nyuki, ukitazama vizuri, nilikuwa navipima vyombo. Kwa makusudi. Mtihani. Akanitazama juu ya miwani. Injinia akakohoa. Aleksi akakohoa. Hata Mama Benigna aliyekuwa anakusanya vyombo akakohoa. Nikaliacha liwe dokezo.

Saa saba mkaguzi akatia sahihi. Ndege itaruka! Injinia akamkumbatia Godbless, akamkumbatia Aleksi, akanikumbatia mimi. Mimi muda mrefu kuliko wote. Aliniambia sikioni, Babu, usirudie tena. Alikuwa analia.

Mzinga wenye nyuki una mgogoro. Wameitwa kwa dawa yangu, wamelala kwenye mzinga wa Aleksi. Aleksi akasema chukua tu, mzee mwenzangu. Nikakataa, mimi si mtu wa kupewa. Nimeuchukua alipokwenda chooni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ripoti imetoka! Injinia amenipa nakala ya kurasa zinazonihusu. Nimefika nyumbani mbio, miguu hii. Mama Benigna amesoma kwa sauti, yeye aliishia la saba.

Jina la Aleksi limo mara moja tu. Mwishoni kabisa, kwenye shukrani, mstari mmoja, pamoja na mwenye ghala na mama wa chai.

Jina langu limo mara tatu! Na si mwishoni. Katikati, mahali panene, sehemu yenye kichwa chake peke yake: Hitilafu na Chanzo Chake. Chanzo chake, Festo Mihayo. Halafu tena, Festo Mihayo alipaka. Halafu tena, Festo Mihayo alipuliza. Mambo mengine yote kwenye ripoti yamefanywa na watu wasiotajwa. Bawa lilipimwa. Mkia uligongwa. Na nani? Hawasemi. Lakini alipaka nani, alipuliza nani, Dar yote itajua.

Mama Benigna alicheka mpaka akakaa chini. Nimefurahi kumwona na furaha namna hiyo.

Jioni nimepita ghalani kushukuru. Ndege imeshushwa, Godbless anabandua kupe kwa maji ya moto na bado wanambishia. Ukutani karibu na ramani kuna karatasi ya kanuni za kazi. Zilikuwa kumi na tatu. Sasa ziko kumi na nne. Wino bado mpya. Nikamwomba Godbless anisomee. Akasoma kwa raha, sijui kwa nini: nta ya kienyeji isitumike mpaka mchanganyiko wake ujulikane wote, na mtengenezaji wake asiachwe peke yake karibu na ndege wakati wowote, kwa sababu yoyote.

Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikauliza itakaa ukutani mpaka lini. Akasema kila ndege watakayopima, mahali popote, karatasi hiyo itatangulia.

Watu wangapi Tabora wametungiwa kanuni? Machifu walikuwepo, matajiri wa misafara walikuwepo, mabwana wa reli walikuwepo. Sijasikia hata mmoja. Hizo kumi na tatu nyingine hazina mwenyewe, zimekaa tu pale. Ya kumi na nne ni yangu.

Ndege ya pili inakuja Januari. Injinia amesema nisijisumbue kufika, nipumzike, nimefanya ya kutosha. Adabu yake tu, binti mzuri yule.

Nimeanza kuifikiria ya kumi na tano.